Sodiamu Haipendi Chochote: Ushauri kwa Wanaohangaika na Vifungo vya Atomu

Kuanzia Tunduma hadi Mafinga, wanafunzi wa kemia huambiwa kwamba sodiamu "inapenda" kutoa elektroni moja, na klorini "inapenda" kuipokea ili ifikishe elektroni nane kwenye ganda la nje. Inakaririka haraka. Lakini ndiyo hiyo hiyo inayomkwamisha mtu anapoulizwa kwa nini chumvi huyeyuka kwenye nyuzi 801 za Selsiasi, huku oksidi ya magnesi ikidai zaidi ya 2,800. Nane zimetimia huku na huku, kwa hiyo jibu halimo kwenye nane.

Futa neno "inapenda" kwenye daftari, uweke hesabu ya chaji. Kifungo cha kikemikali, ambacho darasani huitwa bondi, ni mvutano wa umeme tu. Kiini cha atomu kina chaji chanya, elektroni zina chaji hasi. Zilizo tofauti huvutana, zilizo sawa hufukuzana. Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb aliipima nguvu hiyo mwaka 1785. Zidisha chaji mbili, kisha gawanya kwa kipeo cha pili cha umbali. Umbali ukipungua kwa nusu, nguvu inakuwa mara nne.

Sasa rudi kwenye chumvi. Kung'oa elektroni moja kwenye atomu ya sodiamu iliyo peke yake kunagharimu kilojuli 496 kwa moli (moli ni idadi maalumu ya atomu). Klorini ikiipokea hiyo elektroni inarudisha 349 tu. Yaani tumeingia hasara ya 147! Biashara ingeishia hapo, isingefanywa na mtu. Deni linalipwa na mvutano unaofuata: ayoni, yaani atomu zilizopata chaji, zinasogeleana na kujipanga, kila sodiamu ikizungukwa na klorini sita na kila klorini ikizungukwa na sodiamu sita, na mpangilio huo unatoa kilojuli 787 kwa moli. Mwalimu akifundisha namba hizi tatu kwa dakika kumi, amefanya zaidi ya aliyechora duara na nukta nane kipindi kizima.

Oksidi ya magnesi nayo inajieleza yenyewe. Chaji ni +2 na −2, zao lake nne badala ya moja, na ayoni zake zimekaribiana zaidi: nanometa 0.21, wakati kwenye chumvi ni 0.28. Ndiyo maana moto unaotakiwa ni mkali vile.

Atomu zinazochangia elektroni hazina sheria nyingine. Kwenye haidrojeni, viini viwili vinafukuzana na elektroni mbili zinafukuzana, ila elektroni zikikaa zaidi katikati zinavivuta viini vyote kwa pamoja. Nanometa 0.074 ndipo kuvuta na kusukuma kunapolingana. Zisogeze zaidi, zinasukumana. Zitenganishe, zinavutana kurudi. Zile modeli za mipira na vijiti zinadanganya kidogo hapa, springi ingekuwa mfano mzuri zaidi. Kuzitenganisha kabisa kunadai kilojuli 436 kwa moli, na hapo liko kosa linalojirudia kwenye mitihani: eti kuvunja kifungo kunatoa nishati. Hapana. Kuvunja kunagharimu siku zote. Kuni za paina za Sao Hill zinatoa joto kwa sababu vifungo vipya, vya kabonidayoksaidi na maji, vinarudisha zaidi ya kilichotumika kuvunja vya zamani.

Kwa anayetaka kuona kwa macho, vifaa havina gharama. Tafuta betri kavu nne za voti 1.5 zilizofuatana, kitaa chekundu cha LED, rezista ya omu 220 kutoka kwa fundi redio, na penseli mbili zilizochongwa pande zote mbili. Betri, rezista na LED vinafuatana kwenye njia moja (mguu mrefu wa LED uelekee chanya), na njia hiyo inakatika kati ya ncha mbili za penseli, zikiachana sentimita moja au mbili. Zigusanishe kwanza: LED ikiwaka, waya ziko sawa. Chovya kwenye glasi ya mililita 250 za maji ya mvua, kisha koroga kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Rudia kwa glasi nyingine yenye sukari. Chumvi itawasha, sukari haitawasha, kwa sababu sukari huyeyuka ikiwa molekuli nzima isiyo na chaji.

Yanayoharibu jaribio ni haya. Betri mbili hazitoshi, maana karibu voti mbili zinaishia kwenye ncha za penseli kabla LED haijapata chake. Maji ya kisima yanaweza kuwasha kidogo hata bila chumvi, kwani yana ayoni zake. Nyaya za shaba zikiingia majini zinaliwa na kubadili rangi ya maji, na wanafunzi wataanza kuuliza kuhusu rangi badala ya chaji. Ukitaka kuonyesha kwamba chumvi kavu haipitishi umeme, nyakati za masika yetu ikaushe kwanza kwenye kikaango kwa dakika kumi, la sivyo unyevu utakuaibisha. Umeme ukipita kwenye maji ya chumvi, fungua dirisha, usizidishe dakika mbili kwa mara moja, kwa kuwa klorini kidogo hutoka. Umeme wa ukutani usiuguse kabisa.

Sufuria ya alumini ikipigwa inabonyea, ila punje ya chumvi inapasuka. Kwenye chumvi, safu ikiteleza hatua moja, chanya inakutana na chanya na zinafukuzana. Kwenye alumini, elektroni zinazozurura zinaendelea kushika pande zote.

Maji yana mambo mawili yanayochanganywa. Ndani ya molekuli, oksijeni na haidrojeni zimeshikana kwa takriban kilojuli 460 kwa moli kwa kila kifungo. Molekuli kwa molekuli, haidrojeni yenye uchanya kidogo inavutwa na oksijeni ya jirani, kwa kama kilojuli 20 tu. Kuchemka kunaachanisha majirani na hakuvunji molekuli. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi, mgandamizo wa hewa ni mdogo, molekuli zinatoroka mapema, na maji yanachemka karibu nyuzi 94. Maharage yanachelewa kuiva kwa sababu hiyo, na kuongeza kuni chini ya sufuria iliyokwisha kuchemka ni kupoteza kuni. Loweka usiku kucha.

Shambani ni chaji zile zile. Chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, kwa hiyo zinashika amonia yenye chaji chanya, yaani amoniamu, pamoja na potasiamu na kalsiamu. Naitreti ni hasi, haishikwi, na mvua kubwa ya Januari inaisomba. Ndiyo sababu ya kugawa mbolea ya kukuzia kwa awamu badala ya kuimwaga yote siku moja. Kwenye udongo wenye tindikali, alumini yenye +3 inang'ang'ania fosfeti ya mbolea ya DAP kabla mizizi haijaifikia. Chokaa ikipandisha pH (pH kubwa, tindikali kidogo) kupita 5.5 hivi, alumini inageuka haidroksaidi isiyoyeyuka na kuacha kuumiza mizizi.

Ila chokaa na urea zisiwekwe siku moja. Tanguliza chokaa wiki kadhaa, na urea ifukie sentimita 5 hivi. Urea inabadilika kuwa amoniamu, na ikikutana na chokaa inanyang'anywa haidrojeni moja na kubaki amonia tupu. Amonia haina chaji, mfinyanzi hauna pa kuishikia, na inaondoka na upepo.