Mama mkwe ananiharibia mtoto, nimpe nauli arudi kwao?

*Shangazi, shikamoo. Mwanangu ana mwaka na miezi saba. Mama mkwe alikuja kutoka Muheza kutusaidia wiki mbili, sasa ni mwezi wa tatu. Mtoto akilia kidogo tu, kashambeba. Nikirudi kazini mtoto hataki kuja kwangu, nikimlazimisha ananing'ata. Nikisema aachwe alie azoee, bibi anadai mtoto ana mawazo. Mtoto wa mwaka mmoja ana mawazo gani? Mume yuko upande wa mama yake. Nimpe nauli? – Mama Junior, Tabata*

Marahaba, Mama Junior. Pole na kazi, pole na foleni. Pole yangu imeishia hapo.

Barua yako ni ndefu kuliko tulivyoichapa. Kurasa mbili nzima ni za mama mkwe: anavyoongea, anavyopika, anavyoanika kanga zake. Mtoto umempa mistari michache, na humo ukapitisha haraka haraka kwamba dada wa kazi wa nne ameondoka. Wa nne! Mtoto hata miaka miwili hajafika. Watu wanne wamemwogesha, wamemlisha, wamemlaza, kisha kunakucha hawapo. Wa tano ni bibi yake, na huyo nawe unamtafutia basi.

Unauliza ana mawazo gani. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Tronick, aliwaambia akina mama wacheze na watoto wao wachanga, halafu wakaze uso ghafla, wasicheke wala wasijibu, kwa dakika chache tu. Watoto walitabasamu wamrudishe mama. Wakahangaika. Waliposhindwa wakageuza uso pembeni. Sasa wewe unaingia saa mbili usiku, umechoka, unamwekea katuni kwenye simu (umeandika mwenyewe), halafu unashangaa hakukimbilii. Shirika la Afya Duniani tangu 2019 halishauri skrini kabisa kwa mtoto wa umri huo.

Umeninukulia "mchelea mwana kulia, hulia yeye". Wazee walimsema mtoto anayejua alichokatazwa. Huyu wako analia usiku kwa sababu aliyemzoea kaondoka. Kumbeba hakumharibu, akitulizwa mara nyingi ndipo anapojifunza kujituliza. Mkweo hakulisoma hilo popote, ila analifanya. Niko upande wake.

Ndoa za siku hizi nazo! Kamati ya harusi inajaa watu mia, sare, vikao kila Jumapili. Mtoto akizaliwa, nyumba ni ya watu wawili na geti. Mama wa mume wiki ya kwanza mgeni, ya pili adui. Kisha tunalia hatuna msaada, tunampigia dalali atuletee binti tusiyemjua kwao ni wapi. Na huyo mumeo simsafishi. Sheria yetu inampa baba siku tatu za likizo mke akijifungua. Naona wako alizihesabu kuwa ndiyo malezi yote, maana barua nzima hakuna mahali alipomshika mtoto.

Bibi abaki. Ukifika nyumbani simu iende kabatini. Usimnyang'anye mtoto mgongoni kwa bibi. Kaa chini karibu yao, mwache aje mwenyewe, hata ikichukua wiki. Asubuhi muage, usimtoroke, hata kama atalia. Na siku bibi akirudi Muheza, dada mpya awe ameshaanza kazi yeye akiwepo.

Limebaki lile uliloliandika pembeni ya karatasi: kwamba tangu ujifungue unalia bafuni, na usingizi hauji hata mtoto akilala. Hilo ndilo lililonitia hofu, kuliko habari zote za mkweo. Siku ya kliniki usiishie kwenye uzito wa mtoto. Mwambie nesi habari zako wewe. Ukiona aibu, nenda na mama mkwe akusemee. Mwanamke anayekaa nyumba moja nawe miezi mitatu ameshakusikia.