Filbert Bayi: alishindaje akiwa mbele mwanzo mwisho?

Mkuu, umeuliza Bayi, mkimbiaji wetu wa Tanzania, aliwezaje kutangulia mwanzo mwisho kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch (New Zealand) 1974, na kwa nini hana dhahabu ya Olimpiki.

Angalia mgawanyo wa muda. Mita 400 za kwanza za fainali ya mita 1500 alipita kwa sekunde 54.9, mita 800 kwa 1:52.2, mita 1200 kwa 2:50.8. Kila mzunguko ulipungua kasi kidogo, kisha mita 300 za mwisho akazimaliza kwa kama sekunde 41.4, yaani kasi ileile ya kuanzia. Hapo ndipo wengi hukosea wakisema alikimbia tu hovyo. Alifungua pengo mapema, akapumua katikati, akabakiza mguu wa kumalizia. John Walker wa New Zealand alimkaribia sana, akamaliza kwa 3:32.52, naye Bayi 3:32.16, rekodi ya dunia. Ukimwiga bila kuwa na akiba hiyo, utapitwa kwenye kona ya mwisho.

Mei 1975 akavunja na rekodi ya maili, 3:51.0, huko Kingston, Jamaika. Walker akaichukua Agosti.

Olimpiki ya 1976 Tanzania ilisusia kwa sababu New Zealand ilipeleka timu ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Pambano lake na Walker likafa hapo, na kwa maoni yangu huo ndio mwaka uliomnyima dhahabu. Moscow 1980 alikimbia mita 3000 kuruka viunzi na maji, akaongoza tena, Malinowski wa Poland akampita mzunguko wa mwisho. Akapata medali ya fedha, kwa 8:12.48.