Kerneli mpya imeingia, ya zamani bado ipo

*Shikamoo fundi. Jana nimesasisha Ubuntu, leo Wi-Fi haipo. Nikiwasha kwa kerneli ya zamani inarudi. Laptopu imekufa? (Kijenge, Arusha)*

Marahaba. Laptopu ni nzima. Kerneli (kiini cha mfumo) mpya haifuti ya zamani: kila moja ina faili lake ndani ya /boot na folda yake ndani ya /lib/modules, vyote vikibeba namba ya toleo. Draiva ya Wi-Fi uliyoiweka mwenyewe, nje ya zile zinazokuja na Ubuntu, ilijengewa toleo la zamani, na hilo jipya haliitambui. Wa kuijenga upya ni DKMS, programu inayojenga draiva za nje kwa kila kerneli mpya. Kerneli ikishawekwa, skripti yake ya kumalizia huendesha vilivyomo kwenye /etc/kernel/postinst.d, na DKMS yumo. Ila hajengi bila pakeji ya linux-headers (faili za kerneli za kujengea draiva) ya toleo lile lile. Kama kerneli yako ni ya linux-generic, weka linux-headers-generic, ndiyo itakayofuatana na kerneli kila zikisasishwa, kisha angalia `dkms status`.

*/boot imejaa, nina kerneli saba. Nifute kwa rm? (Majengo, Moshi)*

Usithubutu, dpkg (mtunza kumbukumbu za pakeji) itaendelea kuamini zipo. Tumia `sudo apt autoremove --purge`. Inayotumika sasa haiguswi.

*Natengeneza pakeji ya deb yenye moduli (draiva inayopakiwa ndani ya kerneli) ya kadi ya kusomea mizani ya kahawa. Skripti inaipeleka /lib/modules/$(uname -r). Kwa baadhi ya wateja moduli haionekani. (Soweto, Moshi)*

Kosa hili lilinirudisha mtaa wa Sakina mara mbili kwa mteja mmoja, na nauli ilitoka mfukoni mwangu. `uname -r` inataja kerneli inayotembea sasa hivi, siyo itakayowaka kesho. Mteja akisasisha asubuhi bila kuzima mashine, mchana akaweka pakeji yako, moduli inaangukia kwa kerneli anayoiaga. Ndani ya chroot (mfumo uliofungiwa kwenye folda ya mashine nyingine) ni balaa zaidi: unapewa toleo la mashine mwenyeji.

Pitia folda zote za /lib/modules, jenga pale tu ambapo kiungo cha `build` kinafika kwenye headers za kweli, kisha uite `depmod`, inayoorodhesha moduli, ukiitajia toleo. Kwa kerneli zijazo, weka skripti fupi kwenye /etc/kernel/postinst.d, toleo jipya utalipokea kwenye `$1`, yaani neno la kwanza skripti inalopewa. Na pakeji ikiondolewa, safisha kila folda uliyoigusa. Mimi ningeikabidhi DKMS kazi yote hiyo, nikalale.