Ruta imejaa? Nunua swichi, halafu pesa iliyobaki iweke kwenye kebo

Mkuu, nimelisoma swali lako. Ruta uliyoletewa na watu wa faiba hapo Najjera, pembeni mwa Kampala, ina matundu manne ya waya na yote yamejaa: televisheni, kompyuta ya kazi, rekoda ya kamera na mashine ya gemu ya watoto. Sasa unataka waya mwingine chumbani na mwingine wa kwenda vyumba vya uani anakokaa mdogo wako. Fundi kakwambia ununue ruta ya pili. Shika pesa yako kwanza.

Unachohitaji ni swichi. Ni kisanduku kidogo kisicho na antena wala nywila, na hakuna cha kusanidi. Unachomoa waya mmoja kwenye ruta na kuuhamishia kwenye swichi, kisha lile tundu lililobaki wazi unaliunganisha na swichi kwa waya mfupi. Basi. Swichi ya matundu 8 inakuachia 7 ya kutumia, ukijumlisha na matatu ya ruta unakuwa na 10. Hakikisha kwenye boksi imeandikwa 10/100/1000, yaani kasi yake inafika Mbps (megabiti kwa sekunde) 1,000, kwa sababu zile za 10/100 bado zimejaa madukani na muuzaji hatakuambia usipouliza. Kusema kweli, kama kifurushi chako ni cha Mbps 30 na kila kifaa kinatafuta intaneti tu, hata ya 100 ingekutosha. Lakini tofauti ya bei ni ndogo, na siku utakapovuta video kutoka kwenye rekoda kuja kwenye kompyuta utaiona faida.

Watu huuliza kama swichi inapunguza kasi. Vifaa vyote vilivyo kwenye swichi vinachangia ule waya mmoja unaokwenda kwenye ruta, ni kweli, lakini waya huo unabeba Mbps 1,000 na kifurushi chako hakikaribii huko. Tena vifaa viwili vilivyo kwenye swichi moja huongea moja kwa moja bila kupita kwenye ruta. Kwa hiyo rekoda na kompyuta ziweke pamoja.

Ruta ya pili mimi siitaki kwa sababu moja: ukichomeka waya kwenye tundu lake la WAN, lile la kuingizia intaneti, inaanzisha mtandao wake ndani ya mtandao wako. Simu iko huku, televisheni iko kule, hazionani. Kama unayo ya zamani kabatini na hutaki kununua kitu, inaweza kufanya kazi ya swichi: ibadilishie anwani isigongane na ya ruta kubwa, zima DHCP (kazi yake ya kugawia vifaa anwani), kisha unganisha LAN kwa LAN, yaani yale matundu ya kawaida ya vifaa, na tundu la WAN uliache tupu. Nyingi za zamani lakini ni za Mbps 100 tu.

Sasa kebo. Hapa ndipo watu wanapoibiwa.

Kebo nyingi za bei poa zinazouzwa mjini si shaba, ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Kwenye ganda wameandika daraja la kebo, Cat6, kwa herufi kubwa, na pengine CCA (ndiyo hiyo alumini iliyopakwa shaba) kwa herufi ndogo, au hawakuandika kabisa. Mimi dukani huomba kipande, nachuna uzi mmoja na kuukwaruza kwa wembe. Ukiona rangi ya fedha chini ya wekundu, rudisha. Ukiukunja na kuukunjua mara chache pale pale, wa alumini hukatika upesi, wa shaba huvumilia. Hata uzito unasema: boksi la mita 305 la shaba tupu utalisikia mkononi, la alumini unalinyanyua kirahisi. Alumini inapitisha umeme vibaya kuliko shaba, kwa hiyo kamera zinazopata umeme kupitia waya huohuo wa mtandao ndizo zinazoanza kuzimika usiku taa zake zinapowaka. Kwa nyumba, Cat5e ya shaba inatosha kubeba gigabiti (Mbps 1,000) hadi mita 100. Kama unanunua mpya chukua Cat6. Muuzaji akikuletea habari za Cat8 mwache aendelee na wateja wengine.

Kubana konekta, kile kichwa cha plastiki cha kwenye ncha ya waya, si kazi ngumu, ila ina adabu yake. Mpangilio unaotumika sana ni T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia vizuri hapo katikati, jozi ya kijani imetenganishwa na ya buluu imekaa ndani yake. Ndivyo inavyotakiwa. Kuna mafundi wanaopanga jozi kwa jozi, kijani na kijani chake, buluu na buluu yake, pande zote mbili sawasawa. Kipimo cha taa kinawaka 1 hadi 8 bila shida na fundi anadai hela yake. Ila waya ukiwa mrefu mtandao unasuasua, kwa sababu nyuzi zinazotakiwa kusokotwa pamoja zimeachanishwa, na kipimo kile cha bei ndogo hakioni kosa hilo. Usifumue msokoto zaidi ya sentimita moja hivi, na ganda la nje liingie ndani ya konekta libanwe nalo. Ukiona nyuzi za rangi zinaning'inia nje, mrudishie arudie.

Ukishamaliza, fungua kompyuta uangalie kasi ya muunganisho wa waya. Ikisema 100 wakati kila kitu ni cha gigabiti, usiilaumu kampuni ya intaneti. Mbps 100 hutumia nyuzi nne tu, namba 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inataka zote nane. Kwa hiyo 100 mara nyingi maana yake ni kwamba 4, 5, 7 au 8 haijagusa. Kata konekta, bana nyingine.

Waya wa chumbani upitishe darini, usiufunge pamoja na nyaya za umeme njia nzima. Zikikutana, zipishane kwa kukatiza. Kama umepanga na mwenye nyumba hataki matundu ukutani, mifereji ya plastiki ya kubandika inatosha.

Waya wa uani ndio unaonitia wasiwasi. Ukanda huu wetu wa Ziwa Victoria radi ni za mwaka mzima. Waya wa shaba unaounganisha majengo mawili unadaka mshtuko hata radi ikipiga jirani tu, na mshtuko ule hauishii kwenye swichi. Hapa Kireka, baada ya mvua moja ya usiku, mpangaji mwenzangu alikuta tundu moja la swichi limekufa pamoja na rekoda iliyokuwa upande wa pili wa ua. Taa zilikuwa zinawaka kama kawaida, mtandao hakuna. Mimi wangu nilivuta faiba: kipande kilichokwisha fungwa vichwa kiwandani, na kigeuzi kimoja kila upande cha kugeuza mwanga wa faiba kuwa mtandao wa waya. Faiba ni kioo, na kioo hakipitishi umeme. Gharama iko juu kidogo, lakini ilinganishe na bei ya televisheni. Ukilazimika kutumia shaba, nunua kebo nyeusi ya nje inayohimili jua, ipitishe kwenye bomba lililofukiwa, na uweke kinga ya radi yenye waya wa ardhi wa kweli. Kinga isiyo na ardhi ni pambo. Na kama mdogo wako anatazama video kwenye simu tu, jaribu kwanza Wi-Fi kutoka dirisha la karibu na ua.

Mambo mawili madogo. Umeme ukikatika, ruta yenye UPS ndogo (betri ya akiba) haitasaidia kama swichi imezimika, kwa hiyo zote mbili ziwe kwenye UPS, ila soma volti: swichi nyingine ni za 5, nyingine 9 au 12, na ukiipa ya 5 volti 12 umeiua. La pili, waonye watoto wasichomeke ncha zote mbili za waya mmoja kwenye swichi. Taa zote zitapepesa kwa pamoja kama zimeshikwa na mashetani na nyumba nzima itakosa mtandao hadi mtu auchomoe.

Kabla hujaenda dukani, pima umbali wa kutoka ruta hadi uani kwa kamba, kufuata njia yenyewe waya utakayopita, kisha uniandikie hapa pamoja na picha ya nyuma ya ruta. Kwenye baadhi ya ruta za faiba ni tundu moja tu kati ya manne lililo la gigabiti, mara nyingi limeandikwa GE au lina rangi tofauti, na hilo ndilo la kuchomekea swichi.