Uliza Mwalimu: Tulipanda pamoja, tukashuka vipande vipande

Masika imekwisha, watu wanataka kutoka, na sanduku langu limejaa barua za makatibu wa vikundi vya matembezi. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu aliyeandika amefanya makosa ambayo nami niliyafanya.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi ni katibu wa kikundi cha matembezi hapa Tabata. Tumezoea misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, mambo yakaenda vizuri, tukasema sasa milima ya Uluguru, Morogoro. Tulikuwa 34. Tulipanda treni ya asubuhi, tukaanza kuupanda Lupanga saa 4 tukiwa na mwenyeji mmoja. Vijana wa jimu wakatangulia naye, kina mama wakabaki nyuma, mimi nikawa napanda na kushuka katikati kama kondakta. Wengine walifika kileleni, wengine waliishia njiani, watatu walipotea wakati wa kushuka. Tulitoka msituni saa 3 usiku kwa tochi za simu. Hakuna aliyeumia, lakini kundi letu la WhatsApp limenuna na wanachama 9 wamejitoa. Nilikosea wapi?*
Katibu, Tabata

Marahaba, mwanangu. Pole, na ahsante kwa kuniandikia idadi na saa. Wengi huniletea malalamiko matupu.

Ulikosea kabla hujatoka Tabata. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, kilele cha Lupanga ni mita 2,138. Kwa hiyo mlikuwa na mita 1,600 na ushee za kupanda. Mskoti mmoja, William Naismith, aliandika mwaka 1892 hesabu ambayo wapanda milima wanaitumia mpaka leo: saa 1 kwa kila kilomita 5 za njia, kisha uongeze saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa Lupanga, kule kupanda peke yake kunakula saa 2 na dakika 40, na umbali bado unadai sehemu yake. Naye Naismith alikuwa anamhesabia mtu mkakamavu asiyesimama ovyo. Hakuwa na wanachama wanaopiga picha kila penye ua, wala utelezi wa Uluguru, wala mizizi inayokamata raba. Kwa kundi mchanganyiko mimi huchukua jibu lake nikaliongezea nusu. Ukianza saa 4 kwa mwendo huo, kileleni ni alasiri. Jua la Morogoro linazama kati ya saa 12 na saa 1, na ndani ya msitu giza halingoji jua.

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kutoka Dar hadi Morogoro Juni 2024, watu wamepata ugonjwa wa kutaka kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Treni ina haraka, mlima hauna habari hiyo. Lupanga inaanzwa saa 12 asubuhi, maana yake mnalala Morogoro Ijumaa. Halafu mnapanga saa ya kugeuka. Yangu ni saa 7 mchana: ikigonga, tunageuka popote tulipo, hata kama kilele kinaonekana. Itangaze usiku wa kuamkia safari, si mlimani, kwa sababu mlimani watakubembeleza na wewe utalegea. Kama ni lazima mrudi siku ileile, ishieni Morningside, kwenye lile jumba la zamani la Wajerumani. Mtapata upepo, mandhari na stroberi za Waluguru, na treni mtaiwahi. Na usisahau kwamba kilele hicho kiko ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru. Kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kinakatwa mapema, si kwa kujadiliana na mlinzi huku watu 34 wamesimama juani.

Sasa mpangilio. Watu 34 ni makundi matatu, kila moja na kiongozi wa mbele na mtu wa mkia. Watu hudhani mkia ni mahali pa wachovu. La, mkiani anakaa mwenye nguvu na subira kuliko wote, mwenye sanduku la dawa, na hakuna anayebaki nyuma yake hata kwa dakika moja. Mwenye mwendo mdogo kabisa mweke wa pili, nyuma ya kiongozi wa mbele, ili mwendo wake uwe ndio mwendo wenu. Vijana wa jimu watalalamika. Wape mizigo ya maji.

Kuna jambo dogo ambalo nililiona nikiwa nimeshaongoza miaka. Wa mbele wanafika penye kivuli, wanakaa, wanakula karanga, wanasimuliana. Baada ya dakika 20 yule mama wa mwisho anatokea, jasho linamtiririka mpaka kwenye mikono ya gauni, na papo hapo wanasimama: "Haya jamani, amefika, twende." Wao wamepumzika, yeye hajakaa hata sekunde. Rudia hivyo mara tano na umemchosha mtu kwa mapumziko ya wenzake. Saa ya kupumzika ianze kuhesabiwa pale wa mwisho anapoweka kalio chini.

Hao watatu waliopotea nawajua bila kuwaona. Njia za Uluguru zimejaa matawi, nyingi ni za wakulima kwenda mashambani, na anayeshuka amechoka hatazami. Kila penye njia panda, wa mbele anasimama mpaka amwone wa mkia kwa macho yake.

Na kuhesabu. Mwaka wangu wa tatu wa kuongoza, asubuhi nilihesabu watu 17 wakishuka kwenye gari, nikaandika 17. Sikujihesabu. Jioni, kwenye njia panda karibu na mashamba, nikahesabu tena kwa kidole: 17, nikaridhika. Safari hii nilikuwa nimeanza na mimi mwenyewe. Tukatembea kama nusu saa ndipo mtu aliyeshikiwa kanga ya mwenzake akataka kuirudisha, na mwenye kanga hayupo. Alikuwa amejitenga kidogo kujisaidia, akarudi njiani hakukuta mtu, akakata kulia badala ya kushoto. Tulimkuta kwenye nyumba ya mkulima, amekaa kwenye kigoda, amepewa uji, anamsaidia mwenye nyumba kupanga karoti kwenye tenga la kupeleka sokoni alfajiri. Alinitazama, akasema, "Mwalimu, kumbe hesabu hujui." Nilifundisha jiografia miaka 26, lakini sikuwa na la kujibu.

Tangu siku hiyo sihesabu kwa kidole. Kila mtu ana namba yake tangu asubuhi, mimi nikiwa moja, na kila kituo wanaita wenyewe: moja, mbili, tatu. Baada ya kumi pakiwa kimya, najua papo hapo ni nani hayupo.

Hao 9 waliojitoa wapigie mmoja mmoja. Usiandike waraka kwenye kundi. Waambie ulikosea saa, na useme ni saa ngapi ungeanza leo.

*Mwalimu, watu wanathibitisha, tunakodi Kosta, asubuhi wanatia mitini. Safari iliyopita nililipia pengo mfukoni. Nifanyeje?*
Mbezi

Tuseme Kosta ni shilingi 450,000 na umegawa kwa watu 25, kila mmoja 18,000. Wakitia mitini 7, pengo ni 126,000, na dereva hataki kusikia habari za udhuru. Gawa kwa 20 tangu mwanzo, iwe 22,500. Wakija 25, chenji ya 112,500 inanunua bandeji na tochi za kichwani, au inapunguza mchango wa safari ijayo, na hesabu inabandikwa kwenye kundi usiku uleule.

"Nipo" ya kwenye WhatsApp si malipo. Kiti ni cha aliyelipa kufikia Jumatano. Akishindwa kuja hatarudishiwa, ila anaruhusiwa kumpa kiti mtu mwingine. Na fedha zisiingie kwenye simu yako. Mweka hazina awe mtu mwingine kabisa, tena ikiwezekana yule mbishi wa kikundi. Kiongozi anayeshika fedha hupata majibu ya mkato mlimani, nimeyaonja.

*Nina kisukari na natumia insulini. Nilisema ukweli kwenye fomu, kiongozi akanifuta kwenye orodha. Ni haki?*
Dodoma

Si haki, na ni kosa la kiuongozi: wenzako wakiona hivyo, fomu ijayo kila mtu ataandika "mzima". Nenda kwanza kwa daktari wako mwambie ni saa ngapi za kutembea na kupanda kiasi gani, kwa sababu mwendo mrefu hushusha sukari na huenda akabadilisha dozi. Kisha mfuate kiongozi ana kwa ana na maneno hayo. Beba glukosi au soda yenye sukari mfukoni, isiwe kwenye begi lililobebwa na mwingine. Mtu mmoja, ikiwezekana wa mkia, ajue iko wapi na ajue dalili zako: kutetemeka, jasho la baridi, kuongea ovyo. Ukiwa na fahamu anakupa. Ukipoteza fahamu hakutii kitu mdomoni, anatafuta msaada.

Kiongozi naye, kama anasoma hapa: maswali ya afya yaulizwe faraghani, si watu wakiwa wamepanga mstari kwenye Kosta.

*Tunatoka Nakuru na vijana wa kanisa kwenda kushuka kwenye korongo la Hell's Gate. Wenyeji wanasema mvua ikiwa mbali hakuna shida. Kweli?*
Kiongozi wa vijana, Nakuru

Mvua ya mbali ndiyo shida yenyewe. Maji ya korongo hutoka juu, yanakusanyika kwenye mifereji, na yanakufikia ukiwa umesimama mahali pakavu chini ya mbingu nyeupe. Korongo hilohilo liliua watu 7 Aprili 2012, likaua tena 7 Septemba 2019. Ukiona wingu zito upande wowote wa juu, usiingie. Ukiwa ndani na maji yakabadilika rangi au ukasikia mngurumo, usigeuke kukimbilia ulikotoka, panda juu pa karibu. Kabla hamjashuka, tazameni pamoja mahali pa kupandia na uwaonyeshe vijana kwa mkono. Askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wakisema korongo limefungwa, limefungwa, hata kama mmelipa kiingilio.

*Mwalimu, kuna mwanachama anabeba spika. Tumkataze?*
Moshi

Ibaki kwenye Kosta. Akikataa, mpe awe mtu wa mkia.