Mwalimu wa zamu alikuwepo

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama sare na cheo vinatosha kumgeuza mtu mpole kuwa katili, na kama ni halali wanasaikolojia kulipima jambo hilo kwa watu. Wengi watawajibu kwa jaribio la gereza la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Nami naanzia hapo, ila mimi ndilo lililonidanganya.

Agosti 1971 mwanasaikolojia Philip Zimbardo aliwachukua vijana 24 waliojitolea kwa ujira wa dola 15 kwa siku, akawagawa kwa kura: hawa wafungwa, hawa askari. Gereza likawa chini ya jengo la idara ya saikolojia. Askari walipewa marungu na miwani inayoficha macho. Wafungwa walivalishwa gauni fupi na mnyororo mguuni, wakaitwa kwa namba. Siku ya pili wafungwa waligoma, askari wakawapulizia mitungi ya kuzimia moto. Jaribio la wiki mbili likavunjwa baada ya siku sita. Fundisho likasambaa duniani: mpe yeyote rungu, utaona.

Mimi nilikuwa kiranja wa bweni. Niliwapigisha magoti wasichana wa kidato cha kwanza, nikawanyima zamu ya kuoga, na kwa miaka mingi nilijisamehe kwa fundisho hilo: si mimi, ni cheo. Lakini nikikumbuka vizuri, cheo hakikuniambia neno. Aliyeniambia ni mwalimu wa zamu. Kila jioni alidai majina ya wapiga kelele, na siku niliyompelekea karatasi tupu aliniuliza kama mimi ni kiranja au pambo. Mwenzangu wa bweni la pili aliendelea kupeleka karatasi tupu. Alivuliwa ukiranja, basi.

Kwa hiyo sikushangaa niliposoma aliyoyakuta Mfaransa Thibault Le Texier, aliyefukua kanda na makaratasi ya Stanford na kuyachapisha 2019. Askari wale walikuwa wameelekezwa. Katika kanda moja msaidizi wa Zimbardo anasikika akimhimiza askari mpole awe mkali, eti kwa faida ya utafiti. Na kabla yake, mwaka 2001 huko Uingereza, wanasaikolojia Reicher na Haslam waliunda gereza la aina hiyo bila kuwasukuma askari. Askari hao wakasitasita na mamlaka yao mpaka wafungwa wakawashinda.

Kuhusu uhalali, mimi simlaumu Zimbardo kwa kuuliza swali gumu. Namlaumu kwa kujifanya yeye mwenyewe mkuu wa gereza. Mfungwa aliyetaka kutoka alikuwa akimwomba mtu mwenye sababu zote za kutaka gereza liendelee! Kibali cha kamati ya chuo inayokagua utafiti kwa watu kilikuwepo, tena kimetolewa mapema. Aliyelikatiza jaribio ni Christina Maslach, mwanasaikolojia kijana na mpenzi wa Zimbardo. Alifika jioni, akaona wafungwa wakiswagwa kwenda chooni wamefunikwa vichwa kwa mifuko, akamkaripia. Hakuwa na sare wala namba, na hakuwa amekula siku tano za mazoea kama wenzake.

Ningekuwa na sauti kwenye kamati hizo, ningeuliza jambo moja kabla ya kusoma fomu: nani atakayeingia humo bila kupiga hodi, na ana uwezo wa kufunga kila kitu? Sisi bwenini tulikuwa na matroni. Alipita Jumamosi, saa nne asubuhi, na kufikia saa tatu na nusu wote tulikuwa tumeshasimama na kupangusa magoti.