Zimeni skrini kwanza muisikilize, ndiyo mniambie tovuti imekwisha

Wadogo zangu, wiki hii nimeletewa tovuti ya nyumba ya wageni ya Mji Mkongwe: ukiifungua tu, muziki huo! Jamani, si tulishayasema haya ya tovuti na wasioona?

1. Muziki usilie mpaka mtu aubonyeze. Asiyeona anausikiliza ukurasa kwa NVDA, programu inayosoma skrini kwa sauti, na sauti ile inatoka spika moja na wimbo wako. WCAG, miongozo ya tovuti zinazofikika na wote, iko wazi: sauti inayoanza yenyewe ikapita sekunde 3 lazima iwe na pa kuisimamisha au kuipunguza. Hilo nilikuwa nalijua, na bado nikakitengenezea kikundi cha taarabu ukurasa unaofunguka kwa mlio wa kanuni na fidla, sauti juu kabisa. Siku ya kukabidhi alikuwepo mwalimu mmoja kutoka Chake Chake, haoni, na taarabu anaijua kuliko sote tuliokuwemo. Akakaa kwenye kompyuta, akabonyeza B kutafuta vitufe, sikio kaliegemeza kwenye spika. NVDA ikasema, "Kitufe." B tena. "Kitufe." Vyote nilivichora vizuri, na hata kimoja sikukipa jina. Akabahatisha kimoja, wimbo ukaanza upya. Akasema kwa upole, "Mwanangu, nyimbo nzuri, ila nazimia wapi?" Ukumbi ukaangua kicheko. Tovuti ya muziki, jambo la masikio matupu, na nimemfungia mlango mwenye masikio!

2. Kila kitufe kipe jina: "Cheza", "Simamisha". Basi.

3. Wekeni lang="sw", alama ya kusema ukurasa ni wa Kiswahili. Violezo vingi vinakuja na "en", halafu Kiswahili chetu kinasomwa kwa sauti ya Kiingereza. Hata "Karibu" utaulizia ni nini. NVDA inakuja na eSpeak NG, programu ya kutoa sauti, na Kiswahili inakisoma. Sauti yake kavu kidogo, lakini inaeleweka. Tena NVDA ni ya bure. Michael Curran wa Australia, naye haoni, aliianza 2006. Kwa hiyo habari ya bajeti msiniletee.

4. Picha za pambo ziwe na alt (maneno ya kueleza picha) tupu. Hakuna anayetaka kusomewa jina la faili.

5. Video nayo isimulieni. Nililetewa moja ya droni juu ya Forodhani, fidla tu mwanzo mwisho. Nikauliza asiyeona anapata nini. Kijana aliyeitengeneza akanijibu, kifua mbele, "Nimeweka manukuu, kaka." Manukuu! Hayo ya asiyesikia, yakhe. Tia mtu aseme: jua linazama, ngalawa zinarudi, watoto wanajirusha baharini.